Pinboli ya Mwaka 1976 na Mota Iliyopotea

Najua nimepotea. Niliwaahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na sasa miezi minne imepita bila mimi kutia neno hapa. Naomba radhi. Kila Jumamosi asubuhi nimekuwa nikipanda matatu kutoka Nairobi kwenda Nakuru, na kila Jumapili jioni nimekuwa nikirudi na mikono myeusi kama ya fundi wa magari. Leo wacha niwaambie nilikuwa nikifanya nini huko. Mliokuja kwa ajili ya hifadhidata nivumilieni kidogo. Haya nayo ni mambo ya programu, ingawa mashine yenyewe haina hata chipu moja.

Mambo yalianza hivi. Mwaka jana kazi ilinipeleka Pwani kuweka mfumo wa malipo katika hoteli fulani. Nikiwa huko nikasikia kwamba hoteli nyingine ya zamani, iliyokuwa imeshafunga, inauza vitu vyake: vitanda, feni, masufuria, meza. Nilienda kutafuta feni. Nyuma ya stoo, chini ya turubai, nikakuta sanduku refu la mbao lenye kioo juu, na kichwa kikubwa kimesimama upande mmoja. Pinboli!

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona: pinboli ni mchezo wa mpira mmoja wa chuma kwenye ubao ulioinama kidogo. Unaurusha mpira juu kwa springi, unashuka ukigonga vitu vinavyokupa alama, na kazi yako ni kuuzuia usipotelee shimoni kwa kutumia vijiti viitwavyo flipa, ambavyo unavipiga kwa vitufe viwili vya ubavuni. Ni hivyo tu. Na ukianza huachi.

Hii niliyoikuta inaitwa Target Alpha. Ilitengenezwa mwaka 1976 na D. Gottlieb & Co. ya Chicago, ikabuniwa na Ed Krynski na kuchorwa na Gordon Morison. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa Humpty Dumpty mwaka 1947, pinboli ya kwanza yenye flipa za umeme. Mwaka huo huo wa 1976, jiji la New York liliondoa marufuku ya pinboli iliyokuwapo tangu mwaka 1942, baada ya Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kuwaonyesha kwamba ni mchezo wa ustadi, si kamari. Halafu mwaka 1977 Gottlieb wakatoa Cleopatra, mashine yao ya kwanza ya elektroniki. Kwa hivyo yangu ni ya kizazi cha mwisho cha zile zinazofikiri kwa waya, sumaku na mota.

Muuzaji alitaka 25,000. Tukamalizana kwa 18,000. Feni sikununua.

Tatizo la kwanza lilikuwa pa kuiweka. Mimi naishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na kitu hiki kinabebwa na wanaume wanne. Nikampigia Baba simu nikamwambia kuna sanduku nitalileta kwenye gereji yake Nakuru. "Sanduku la nini?" Nikamwambia ni mchezo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema gereji ina nafasi.

Jumamosi ya kwanza nilifungua ubao wa juu, nikaangalia ndani, nikakaa chini sakafuni. Nimesoma shahada ya sayansi ya kompyuta miaka minne, lakini sikuwahi kuona programu iliyoanikwa namna hii. Ndani mna rilei kwa makumi. Rilei ni sumaku ya umeme inayovuta kibao, na kibao kinafungua au kufunga swichi. Imevutwa au haijavutwa, ndiyo au hapana: hiyo ni biti moja ya kumbukumbu, na unaweza kuigusa kwa kidole. Kuna magurudumu yanayosogea jino moja kila yakipigwa na umeme: hizo ni kaunta. Na katikati ya yote kuna mota inayozungusha visahani vyenye vishimo pembeni, na juu ya visahani kuna safu za swichi. Hiyo mota ndiyo saa ya mashine nzima.

Wacha nieleze kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo. Mashine haijui kuongeza 500. Inajua tu kuongeza 100. Mpira ukigonga kitu cha alama 500, rilei moja inavutwa na kujishikilia yenyewe, nayo inawasha mota. Mota inazunguka theluthi moja ya duara. Katika theluthi hiyo visahani vinafunga swichi mara tano, na kila mara gurudumu la mamia linasogea tarakimu moja. Theluthi ikiisha, rilei inaachiliwa na mota inasimama. Sisi watu wa programu tunaita hicho kitanzi: rudia mara tano, kisha toka. Ndiyo maana pinboli za zamani zinapiga kengele ting-ting-ting-ting-ting. Unasikia programu ikitekelezwa.

Sasa, yangu haikupiga ting hata moja. Mpira haukuwapo. Raba zote zilikuwa zimekauka na kukatika kama makaroni. Katika flipa nne, mbili hazikuwa na koili: mtu alizikata kwa koleo, bila shaka ili auze shaba kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na ile mota, saa ya mashine, haikuwapo kabisa. Visahani na swichi zake vilibaki vikining'inia, na mahali pa mota palikuwa na matundu manne ya skrubu.

Kilichonifariji ni kwamba mchoro wa saketi ulikuwa bado umo ndani ya sanduku, karatasi kubwa iliyokunjwa, kingo zimeliwa na panya lakini katikati ni nzima.

Nikaanza kutafuta. Mpira ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Ni wa chuma, inchi 1 na 1/16, yaani milimita 27 hivi. Nilikwenda Kirinyaga Road, ambako Nairobi nzima hununua vipuri vya magari, nikaingia duka la beringi na kalipa mkononi. Mwenye duka akaniuliza ni beringi ya gari gani. Nikamwambia ni ya mchezo. Akacheka, akavunja beringi moja mbovu, akapima, akanipa mipira miwili kwa shilingi 300.

Raba nilijaribu kuziiga nikashindwa. Nilinunua zile pete nyeusi za kuzuia mafuta kuvuja kwenye mitambo. Zinaenea vizuri, lakini mpira ukizigonga unakufa hapo hapo, hauruki. Ikabidi niagize seti kamili kutoka Marekani. Bahati nzuri raba ni nyepesi, na posta haikunikamua sana.

Koili nilimpelekea fundi wa kusuka mota Industrial Area. Hapo kosa lilikuwa langu. Nilimpa kimoja cha vigurudumu vitupu nikamwambia ajaze waya. Akajaza. Nikafunga, nikabonyeza kitufe, flipa ikaruka kwa nguvu ajabu, nikaendelea kuishikilia juu. Baada ya nusu dakika gereji ilijaa harufu ya vanishi inayoungua.

Kumbe koili ya flipa ni mbili ndani ya moja. Kuna msuko wa waya mnene wa kurusha na msuko wa waya mwembamba wa kushikilia. Flipa inapoanza, umeme unapita kwenye ule mnene peke yake. Ikifika mwisho wa safari, inasukuma swichi ndogo, na ule mwembamba unaungwa kwa kufuatana na wa kwanza. Mkondo unapungua, flipa inabaki juu bila kuungua. Tulichukua moja ya zile koili nzima, tukapima ukinzani wa kila msuko na unene wa kila waya, fundi akasuka upya mbili zinazofanana nayo. Mpaka leo zinadunda.

Ikabaki mota.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu Baba. Baba alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Ile ya zamani, ambayo ukizungusha namba nyumbani kwako, kule kwenye mtambo rilei zinalia na vichaguzi vinapanda hatua kwa hatua mpaka vinampata unayemtafuta. Mfumo huo ulitokana na Almon Strowger, Mmarekani aliyekuwa mzika maiti, aliyepata hataza yake mwaka 1891. Ukiuangalia mtambo wa simu wa aina hiyo na ukaiangalia pinboli yangu, ni mtu na binamu yake. Baadaye mitambo ikawa ya kidijitali, na mwaka 2004, nikiwa darasa la kwanza, Baba na wenzake waliachishwa kazi. Alirudi nyumbani na mkebe wa biskuti uliojaa vifaa vyake, akauweka juu ya kabati la gereji. Sisi watoto tulijua mkebe ule hauguswi. Kazi ile hakuizungumzia tena. Nilipochaguliwa kusomea kompyuta chuo kikuu alilipa karo yote, hakulalamika hata siku moja, lakini hakuwahi kuniuliza hasa ninachofanya. Alisema tu, "Hizo kompyuta zenu."

Jumamosi za mwanzo alikuwa akija na kikombe cha chai, anasimama mlangoni, anaangalia. Siku moja akasema, "Hiyo rilei swichi yake imekaa vibaya." Nikaangalia, kweli. Siku nyingine alinikuta nikisugua swichi kwa msasa, akaninyang'anya. Akanieleza kwamba ncha za swichi zina fedha, nikizisugua kwa msasa nazimaliza. Akakata kipande cha kadi ngumu ya mwaliko wa harusi, akakipitisha katikati ya ncha mbili huku amezibana kidogo, mara tatu, ikatosha.

Basi siku hiyo, kuhusu mota, nikampa mpango wangu kwa furaha. Mota yenyewe iliyotumika inapatikana Marekani, ila ni nzito na kuisafirisha kungenigharimu kuliko nilivyonunulia mashine nzima. Nikamwambia nitanunua Arduino, kile kikadi kidogo cha kompyuta. Nitaandika mistari kama mia mbili ya programu. Itahesabu alama yenyewe, itapiga kengele, itawasha taa. Hakuna haja ya mota wala visahani.

Akaelekeza kikombe kwenye ubao wa chini. "Na hizi rilei zote?"

"Hazitahitajika tena, Baba."

Akaweka kikombe juu ya meza, taratibu, akaingia ndani. Jumamosi hiyo hakurudi gerejini. Jumamosi iliyofuata pia. Nilidhani amechoka. Mama ndiye aliyeniambia, tukiwa jikoni, bila hata kuinua macho kutoka kwenye sukuma wiki aliyokuwa akikata: "Hilo neno ulilomwambia baba yako, ndilo waliloandika kwenye barua yake."

Sikula vizuri siku hiyo.

Wasomaji, mpango wangu ulikuwa sahihi kiufundi. Ungefanya kazi, tena haraka. Lakini nilipoufikiria upya niliona kwamba nilitaka kutupa sehemu pekee ya mashine ambayo ilinishangaza, ili kuweka kitu ninachokitumia kila siku kazini. Na nilikuwa nimesimama mbele ya mtu pekee ninayemjua ambaye anaweza kuisoma, nikamwambia haihitajiki.

Jumatatu nikarudi Kirinyaga Road. Nilitafuta mota yoyote yenye gia, inayozunguka polepole na yenye nguvu. Nikapata ya waipa za lori, ya volti 24. Kwa volti 24 ilikuwa na kasi mno, lakini kwa volti 12 ilizunguka karibu na kasi niliyoitaka. Volti 12 nilizitoa kwenye pawasapulai ya kompyuta kuu kuu ya mezani niliyokuwa nayo chini ya kitanda. Ukiunganisha waya wake wa kijani na mweusi inawaka bila kompyuta. Jamaa wa jua kali kule Kamukunji akanitengenezea bamba la kuifunga na kiungo cha kuishikanisha na visahani.

Nikawasha. Mota ikazunguka. Na ikaendelea kuzunguka. Kengele ilipiga bila kukoma, alama zikapanda kama mita ya teksi. Nilichomoa waya ukutani.

Kwa nini? Mota ya asili ilikuwa ikisimama upesi. Ya waipa, ukiikatia umeme, inateleza mbele kidogo kwa kasi iliyobaki. Na visahani vimepangwa hivi: kuna swichi inayoiweka mota hai mpaka ifike nyumbani. Yangu ilifika nyumbani, ikakatiwa umeme, ikapitiliza, swichi ile ikafunga tena, mota ikaanza theluthi nyingine. Kitanzi kisicho na mwisho! Nimeandika vya aina hiyo vingi kwenye kompyuta, lakini sijawahi kuandika kimoja kwa waipa ya lori.

Nikaenda sebuleni. Baba alikuwa akisoma gazeti. Nikamwambia, "Baba, nimepata mota. Rilei zote zinabaki. Ila inapitiliza, na mimi sijui kuisimamisha."

Akageuza ukurasa mmoja. Kisha akauliza, "Ni ya DC?"

"Ndiyo."

Akainuka, akaenda gerejini, akapanda juu ya kigoda na kuushusha mkebe.

Ndani mlikuwa na vitu vilivyofungwa kwa kitambaa: koleo ndogo za kupinda vibao vya swichi, tupa nyembamba kama jani, na safu za swichi za rilei za simu, zimepangwa kwa ukubwa. Akanieleza, na hii ningependa muikumbuke. Mota ya DC ikizungushwa bila umeme inakuwa jenereta. Ukiziunganisha nyaya zake mbili wakati inateleza, mkondo inaouzalisha unairudi wenyewe na kuifunga breki. Kwa hivyo tunahitaji rilei moja ya pande mbili: ikivutwa, inaipa mota volti 12. Ikiachiliwa, inaunganisha nyaya za mota pamoja.

Koili za rilei za simu ni za volti 50, hazikufaa. Pinboli yenyewe ilikuwa na rilei ya mlango wa pili wa sarafu ambayo kwetu haikuwa na kazi. Tukachukua koili ya hiyo, tukaifungia swichi kutoka kwenye mkebe, jozi mbili sambamba ili zibebe mkondo vizuri. Mimi nilishika tochi. Baba alilehemu. Mikono yake inatetemeka siku hizi akishika kikombe, lakini akiwa na koleo zile haikutetemeka.

Nikawasha. Mota ikazunguka theluthi moja, ikasimama tuli kama imegonga ukuta.

Tulidhani tumemaliza. Lakini kila alama 500 zilipopigwa, gurudumu lilisogea mara nne tu. Nilichukua mchoro, nikafuata mistari kwa kalamu nyekundu saa mbili nzima. Baba akaniambia niache karatasi, nipige tena. Akafumba macho. Ting-ting-ting-ting. "Tena." Ting-ting-ting-ting. "Mlio wa kwanza ndio haupo. Kuna pengo mwanzoni, kisha inne zinafuatana." Tukaitafuta swichi ya visahani inayotoa pigo, tukaizungusha kwa mkono. Kibao chake kilikuwa kimelala kidogo, na kwenye kishimo cha kwanza, kilichochakaa kuliko vingine, ncha zake hazikugusana. Akaipinda unywele mmoja. Ting-ting-ting-ting-ting.

Kwa wanaotaka kujaribu kazi kama hii: chomoeni waya ukutani kabla ya kutia mkono, maana upande wa transfoma una volti 240 na hauna huruma. Msitie mafuta kwenye swichi. Msitumie msasa. Na mkitengeneza kitu, tengenezeni kimoja, mjaribu, ndipo mwende kingine. Sheria hiyo mnaijua kwenye programu, lakini mbele ya waya watu huisahau.

Mashine haijakamilika. Plastiki mbili za juu ya ubao hazipo, na shabaha moja nimeikata mwenyewe kwa kipande cha Perspex, inaonekana kama jino la bandia. Mama ndiye mwenye alama nyingi kuliko sote, na hakubali kueleza mbinu yake. Baba hachezi sana. Anapenda tuuinue ubao, mimi nicheze huku ameinama anaziangalia rilei. Wiki iliyopita nilikuta ameandika jina la kila moja kwenye vipande vya utepe, kwa mwandiko wake ule wa herufi kubwa.

Jumapili, nikiwa navaa viatu nirudi Nairobi, aliniuliza, "Hiyo programu yako ya malipo, mtu akilipa, inajuaje kwamba amelipa?"

Nilikaa tena. Niliikosa matatu ya saa kumi na moja, na ya saa kumi na mbili.

Haya, kwa leo niishie hapo. Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, safari hii kweli. Mbaki salama.